Mashabiki Karagwe, Kyerwa na hoja ya kikosi: Nani aanze dhidi ya Uganda?

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

MECHI kati ya Taifa Stars na Uganda haianzi pale mwamuzi anapopuliza filimbi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huanza siku kadhaa kabla, mara tu majina ya wachezaji walioitwa kambini yanapotangazwa redioni na kila shabiki akajiona ana kikosi bora kuliko cha kocha.

Ubishi huo husikika kwenye vijiwe vya waendesha bodaboda mjini Kayanga, sokoni Omurushaka, kwenye vibanda umiza vya Nkwenda na Isingiro, hadi Murongo mpakani, ambako ng'ambo ya daraja la Mto Kagera ni Kikagati, nchini Uganda. Hoja ni zile zile: nani aanze, nani akae benchi, na je, timu ishambulie au ijilinde?

Wapo wanaouchukulia ubishi huo kuwa ni porojo za kupitishia muda. Hata hivyo, kumbukumbu za mechi za Stars tangu mwaka 2018 zinaonyesha kwamba maswali yanayoulizwa vijiweni ndiyo yaliyoamua hatima ya timu, na ndiyo yaliyowapa makocha sifa au kuwapotezea ajira.

Kinachokosekana vijiweni mara nyingi si ujuzi wa soka, bali mpangilio wa maswali. Shabiki huanza na jina la mchezaji anayempenda, ilhali kocha hulazimika kuanza na matokeo ambayo timu yake inayahitaji. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha lawama nyingi, na mechi dhidi ya Uganda zinaieleza vizuri kuliko nyingine zote.

Jirani wa ng'ambo ya mto

Kyerwa ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa upande wa magharibi Mto Kagera unaitenganisha na Rwanda, na kwa upande wa kaskazini na Uganda. Kinyambo kinachozungumzwa Karagwe na Kyerwa na Kinyankole cha ng'ambo ni lugha ndugu, kiasi kwamba mfanyabiashara anayevuka daraja la Murongo hahitaji mkalimani.

Nchi hizo mbili hugawana hata umeme unaozalishwa na mtambo wa Kikagati na Murongo uliojengwa kwenye maji ya mto huo. Kwa hiyo, shabiki wa Uganda si mgeni kwa mkazi wa Kyerwa. Ni mteja wake, ni shemeji yake, ni mtu ambaye watakutana naye tena baada ya mechi, awe ameshinda au ameshindwa.

Hali hiyo huipa mechi ya Stars na Uganda uzito wa kipekee katika eneo hili. Mkazi wa Dar es Salaam akishuhudia timu yake ikifungwa na Uganda hurudi nyumbani na kuomboleza pamoja na wenzake. Mkazi wa Murongo huamka asubuhi na kukabiliana na mshindi uso kwa uso.

Lipo jambo la pili linaloathiri ubishi wa huku. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,300, na ni wachache wanaoweza kusafiri kwenda kuitazama timu ya taifa. Kwa walio wengi, uwanja ni runinga ya kibanda umiza au redio.

Kamera ya runinga huufuata mpira. Haimwonyeshi beki wa kulia aliyepanda na kuacha pengo nyuma yake, wala kiungo mkabaji anayeziba njia bila kuugusa mpira kwa dakika tano. Redio humtaja zaidi mwenye mpira. Mashabiki hao hulazimika kuhukumu kazi ya wachezaji 11 kwa kuona sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Nidhamu au ubora

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2018. Mwezi Agosti mwaka huo, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilimpa timu Emmanuel Amunike, nyota wa zamani wa Nigeria aliyekuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 1994 na aliyewahi kuichezea Barcelona ya Hispania. Mtihani wake wa kwanza ulikuwa mechi ya kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2019, ugenini dhidi ya Uganda.

Kabla ya safari, kocha huyo aliwaondoa kikosini wachezaji saba waliochelewa kuripoti kambini. Sita walikuwa wa Simba: Shomari Kapombe, Erasto Nyoni, John Bocco, Jonas Mkude, Hassan Dilunga na Shiza Kichuya. Wa saba alikuwa Feisal Salum wa Yanga.

Mashabiki waligawanyika papo hapo. Upande mmoja ulidai kwamba timu ya taifa haiwezi kwenda kwa mpinzani mgumu ikiwa imewaacha wachezaji wa kikosi cha kwanza cha mabingwa wa nchi. Upande wa pili ulijibu kwamba mchezaji asiyeheshimu saa ya kufika kambini hawezi kutegemewa kuheshimu maelekezo ya kocha uwanjani.

Hapo ndipo miwani ya Simba na Yanga ilipoingia. Kwa kuwa sita kati ya saba walitoka klabu moja, wapo walioona uonevu na wapo walioona haki, kila mmoja kulingana na rangi ya jezi yake. Suala la nani angekaba katikati ya uwanja likafunikwa na suala la klabu gani imedhalilishwa.

Stars ilikwenda Namboole bila wachezaji hao na Septemba 8, 2018 ikatoka sare ya bila kufungana. Matokeo hayo hayakumaliza ubishi, bali yaliuongeza. Waliomuunga mkono kocha walisema pointi moja ugenini ilithibitisha uamuzi wake. Waliompinga walisema timu ingekuwa na Bocco, sare ingegeuka ushindi.

Ukweli ni kwamba sare hiyo haikuthibitisha hoja ya upande wowote. Mechi moja huonyesha kilichotokea. Haiwezi kuonyesha kile ambacho kingetokea endapo kikosi kingekuwa kingine. Shabiki makini hujifunza kukumbuka jambo hilo kabla ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Hesabu kwanza, majina baadaye

Mechi ya marudiano, Machi 24, 2019 kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini hesabu hutangulia majina.

Kabla ya siku hiyo Uganda ilikuwa na pointi 13 na ilikwishafuzu. Ilikuwa imecheza mechi tano za kundi bila nyavu zake kutikiswa hata mara moja. Tanzania na Lesotho zilikuwa na pointi tano kila moja, na Cape Verde ilikuwa na pointi nne. Nafasi iliyosalia ilikuwa moja.

Kwa mtazamo wa haraka, Stars na Lesotho zilikuwa sawa. Lakini kanuni za kundi zilizipima kwanza timu zenye pointi sawa kwa matokeo ya mechi zilizozikutanisha zenyewe. Stars ilitoka sare ya bao 1-1 na Lesotho nyumbani mwaka 2017, kisha ikafungwa bao 1-0 mjini Maseru Novemba 18, 2018. Kwa hiyo Lesotho ilikuwa mbele.

Maana yake ilikuwa wazi. Sare dhidi ya Uganda ingeipa Stars pointi sita, na Lesotho ingehitaji sare tu mbele ya Cape Verde ili ipite. Hata ushindi wa Stars usingetosha endapo Lesotho nayo ingeshinda, kwa sababu zote zingefikisha pointi nane. Stars ililazimika kushinda, kisha isikilizie habari za Praia, mji mkuu wa Cape Verde, Lesotho ilikokuwa ikicheza.

Kikosi kilichofaa Namboole Septemba 2018, ambako sare ilikuwa mavuno, hakikuweza kuwa kikosi kile kile cha Machi 2019, ambako sare ilikuwa sawa na kufungwa. Shabiki aliyekuwa akidai kocha "habadiliki" au "anabadilika mno" alipaswa kwanza kutazama msimamo wa kundi.

Kwa walioadhibiwa, adhabu ilikwisha na baadhi yao walirejea. Erasto Nyoni, mmoja wa wale saba, alikuwa uwanjani siku hiyo.

Mabao yalitoka kusikotarajiwa

Ubishi wa kabla ya mechi ulikuwa juu ya washambuliaji. Nahodha Mbwana Samatta, ambaye wakati huo aliichezea Genk ya Ubelgiji, acheze namba ipi? Aanze peke yake mbele, au awe na pacha? Mawinga wawe wangapi?

Stars ilishinda kwa mabao 3-0. Bao la kwanza lilifungwa na Simon Msuva katika kipindi cha kwanza. La pili lilipatikana kwa mkwaju wa penalti uliopigwa na Nyoni mapema kipindi cha pili. La tatu lilifungwa na Aggrey Morris, beki wa kati. Cape Verde na Lesotho zilitoka sare ya bila kufungana, na Tanzania ikafuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980.

Hivyo, katika mechi iliyotawaliwa na ubishi wa nani aongoze mashambulizi, mabao mawili kati ya matatu yalifungwa na walinzi. Samatta hakufunga. Haina maana kwamba hakufanya kazi: mshambuliaji anayeogopwa huwavuta mabeki wawili na kumwachia mwenzake nafasi, na kazi hiyo haiandikwi kwenye orodha ya wafungaji.

Lipo somo la kiufundi hapa. Timu isiyo na washambuliaji wengi wa kiwango cha juu hutegemea sana kona, mipira ya adhabu na penalti. Kwa sababu hiyo, kocha anapomchagua beki mrefu badala ya beki mwepesi, si lazima awe anafikiria kujilinda tu. Huenda anafikiria kona.

Ni kweli vilevile kwamba Uganda ilikwishafuzu na haikuwa na cha kupoteza siku hiyo. Ng'ambo ya mto jibu hilo lilitolewa, na lina uzito wake. Aliyeshinda anapaswa kulikubali jambo hilo kabla hajaanza kuhesabu ushindi huo kuwa kipimo cha ubora wa timu hizo mbili.

Kuongoza nao ni mtihani

Katika fainali zenyewe nchini Misri, Juni na Julai 2019, ubishi ulianza kabla ya safari. Kuachwa kwa Mkude na kwa Ibrahim Ajib wa Yanga kuliwafanya mashabiki wengi waulize nani angetuliza mpira katikati ya uwanja.

Stars ilifungwa mabao 2-0 na Senegal, kisha ikakutana na Kenya Juni 27. Iliongoza mara mbili, kwa mabao ya Msuva na Samatta, na mara zote mbili Kenya ikasawazisha. Mwisho wake ilikuwa 3-2 kwa Kenya. Baada ya kipigo cha mabao 3-0 kutoka kwa Algeria, Stars ilirejea nyumbani bila pointi, na mwezi Julai Amunike akaachishwa kazi.

Je, Mkude au Ajib angeibadilisha mechi ile? Hakuna anayeweza kuthibitisha. Kinachothibitika ni kwamba timu ilishindwa kulinda uongozi mara mbili, na kulinda uongozi ni kazi ya kiungo kabla ya kuwa kazi ya beki. Timu inayoupoteza mpira mara tu inapoupata hurudishiwa mashambulizi hadi beki achoke. Wale waliouliza kabla ya safari kuhusu utulivu katikati walikuwa wameuliza swali sahihi, hata kama jina walilolitaja si lazima lilikuwa jibu.

Tatizo hilo lilijirudia kwa sura nyingine nchini Ivory Coast. Januari 21, 2024, katika mji wa San Pedro, Stars ilicheza na Zambia ikiwa chini ya Hemed Suleiman 'Morocco', aliyeshika timu baada ya kocha Adel Amrouche kufungiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Msuva alifunga mapema. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na wachezaji 10 baada ya Rodrick Kabwe kuonyeshwa kadi nyekundu.

Stars ilikuwa na bao, na ilikuwa na mchezaji mmoja zaidi kwa kipindi chote cha pili. Hata hivyo Patson Daka alisawazisha dakika ya 88. Sare hiyo ya bao 1-1, pamoja na kipigo cha mabao 3-0 kutoka kwa Morocco na sare tasa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iliiacha timu mkiani mwa kundi ikiwa na pointi mbili.

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana neno linaloieleza hali ile vizuri: butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, kwa hofu ya shida ya leo. Timu inayorudi nyuma yote kulinda bao moja mbele ya wapinzani pungufu inauza kwa butura: inakubali kidogo mapema, na mavuno yanachukuliwa na mwingine.

Lakini kurudi nyuma si lazima kuwe agizo la kocha. Mara nyingi wachezaji hurudi wenyewe kwa uchovu na kwa hofu, na dawa yake ni mabadiliko ya wachezaji yanayofanywa kwa wakati. Ndiyo maana swali la nani akae benchi lina uzito sawa na swali la nani aanze. Timu ya taifa inahitaji benchi lenye mtu wa kushika mpira dakika ya 70, na si benchi la walioshindwa kupata namba.

Rabat, Desemba 2025

Mashabiki wa pande zote mbili za mto walikutana tena kwenye runinga Desemba 27, 2025. AFCON ya Morocco iliziweka Tanzania na Uganda kundi moja, pamoja na Nigeria na Tunisia. Stars ilikuwa chini ya Miguel Gamondi, raia wa Argentina aliyewahi kuifundisha Yanga, aliyekabidhiwa timu Novemba mwaka huo baada ya Hemed Suleiman kuondoka.

Muda wa maandalizi ulikuwa mfupi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la kuzingatia. Kocha mwenye wiki chache hawezi kufundisha mfumo mpya. Hutafuta wachezaji waliozoeana na kuwapa majukumu mepesi ya kueleweka. Shabiki anayelalamika kwamba kikosi kina sura zile zile anapaswa kujiuliza sura mpya zingefundishwa lini.

Mechi ya kwanza Stars ilifungwa na Nigeria mabao 2-1, bao lake likifungwa na Charles M'Mombwa. Kabla ya mechi ya pili swali likawa moja: dhidi ya Uganda, ambayo nayo ilikuwa imepoteza mechi yake ya kwanza, Stars ifunguke au ijibane?

Walioshauri kujibana walikuwa na hoja. Timu ikifungwa mara mbili katika kundi la timu nne, safari huwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Walioshauri kufunguka walikuwa na hoja pia: mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Tunisia, na pointi rahisi zaidi zilikuwa kwa jirani.

Mjini Rabat matokeo yalikuwa 1-1. Msuva aliifungia Stars kwa penalti katika kipindi cha pili, na Uche Ikpeazu akaisawazishia Uganda kwa kichwa zikiwa zimesalia takriban dakika 10. Katika dakika za majeruhi Uganda ilipata penalti, lakini Allan Okello akaikosa.

Mkwaju ule mmoja ulikuwa na uwezo wa kuubadilisha ubishi wote. Ungeingia, kila uamuzi wa Gamondi ungeitwa kosa. Haukuingia, na maamuzi yale yale yakaitwa busara. Kikosi hakikubadilika, kilichobadilika ni mahali mpira ulipokwenda. Kupima kazi ya kocha kwa tukio la mwisho pekee ni kumwonea, au kumpa sifa asizostahili.

Bao la mechi iliyopotea

Yaliyofuata yalitoa somo ambalo ni mashabiki wachache walilifikiria. Stars ilitoka sare ya bao 1-1 na Tunisia Desemba 30, kwa bao la Feisal Salum, yule yule aliyeondolewa kikosini mwaka 2018. Ilimaliza ya tatu ikiwa na pointi mbili, mabao matatu ya kufunga na manne ya kufungwa.

Timu nne bora kati ya sita zilizoshika nafasi ya tatu ndizo zilizokuwa zikiingia hatua ya 16 bora. Angola nayo ilikuwa na pointi mbili. Ilikuwa imefunga mabao mawili na kufungwa matatu. Pointi sawa, tofauti ya mabao sawa. Kilichozitenganisha ni idadi ya mabao ya kufunga: Tanzania matatu, Angola mawili.

Kwa hiyo bao la M'Mombwa katika mechi ambayo Stars ilifungwa na Nigeria, bao ambalo usiku ule lilionekana la kufutia machozi tu, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoipeleka Tanzania hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Safari iliishia hapo Januari 4, 2026 kwa kufungwa bao 1-0 na wenyeji Morocco.

Hoja ya kushambulia au kujilinda haina jibu moja la kudumu. Mwaka 2019 Stars ilihitaji ushindi na si kingine. Mwaka 2025 ilihitaji kutofungwa sana, lakini pia ilihitaji kufunga, hata katika mechi iliyoelekea kupotea. Anayesema "tujilinde tu" na anayesema "twende mbele tu" wote hukosea wakisahau kanuni za mashindano yenyewe.

Somo la Kaitaba

Mashabiki wa Karagwe na Kyerwa hawakujifunzia soka kwenye runinga pekee. Kwa takriban miaka 20 mkoa wao ulikuwa na timu ya Ligi Kuu, Kagera Sugar, iliyotumia Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Timu hiyo haikuwa na fedha za Simba wala za Yanga, lakini ilijulikana kwa kuzisumbua.

Mei 19, 2018, mbele ya Rais John Magufuli aliyekuwa amefika Uwanja wa Taifa kuwakabidhi Simba kombe lao, Kagera Sugar chini ya kocha Mecky Maxime iliifunga Simba bao 1-0. Simba ilikuwa haijapoteza mechi hata moja ya ligi msimu huo. Edward Christopher alifunga, na mlinda mlango Juma Kaseja akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi.

Kaseja wakati ule alikwishapita Simba na Yanga, na wengi walimwona mzee wa kazi. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 34, aliitwa Taifa Stars na kocha Etienne Ndayiragije, na Agosti 2019 alikuwa langoni wakati Stars ikiitoa Kenya kwa mikwaju ya penalti katika mechi za kufuzu fainali za CHAN. Waliomtazama Kaitaba hawakushangaa. Walikuwa wamemwona kwa macho, nje ya fremu ya kamera.

Kagera Sugar ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/2025. Hasara yake ilikuwa kubwa kuliko kuvikosa vigogo vya Dar es Salaam. Timu ya mkoa inapokosekana kwenye ligi ya juu, shabiki hupoteza mahali pa kumtazama mchezaji kwa dakika zote 90, awe na mpira au asiwe nao. Hubaki na picha za runinga na maneno ya wachambuzi wa mbali, na ubishi wake hukosa ushahidi wake mwenyewe.

Maswali yanayotangulia jina

Kutokana na mifano hiyo, upo mpangilio wa maswali ambao ungeufaa ubishi wa kijiweni kabla ya mechi yoyote.

Swali la kwanza ni: timu inahitaji matokeo gani? Ushindi, sare, au kutofungwa mabao mengi? Jibu liko kwenye msimamo wa kundi na kanuni za mashindano, na linapatikana hata kabla kocha hajafungua mdomo.

La pili: ili matokeo hayo yapatikane, ni kazi zipi zinazotakiwa uwanjani? Je, anahitajika mtu wa kushika mpira katikati, wa kukimbia nyuma ya mabeki, au wa kuruka juu wakati wa kona?

La tatu: nani yuko tayari kuifanya kazi hiyo leo? Si aliyeifanya mwaka jana, wala atakayeifanya mwaka ujao. Utayari ni afya, ni dakika alizocheza klabuni kwake, na ni nidhamu, ikiwamo kufika kambini kwa wakati.

La nne: mambo yakiharibika, nani atoke benchi kuyarekebisha? Baada ya maswali hayo ndipo jina lifuate. Mara nyingi mabishano ya majina hupungua yenyewe, kwa kuwa wabishi hugundua kwamba hawakutofautiana kuhusu mchezaji, bali kuhusu kazi waliyotaka aifanye.

Hakuna mpangilio utakaowanyima mashabiki raha ya kubishana, na si lengo. Katika mji wa mpakani, ambako shabiki wa Stars na shabiki wa Uganda huuziana maharage na ndizi siku ile ile, ubishi wa hoja hujenga ujirani. Ubishi wa kejeli ndio unaouharibu.

Nafasi ya kulijaribu hilo ipo. Septemba 2023, CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja uenyeji wa AFCON ya 2027, na kwa uenyeji huo zote tatu zina tiketi ya moja kwa moja. Shabiki wa Murongo na wa Kikagati watakuwa wenyeji wa mashindano yale yale, kila mmoja akiwa na kikosi chake kichwani na daraja likiwa katikati yao.